Kabla ya kutushikisha mikono, twendeni kwanza mpakani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo kila Desemba linanikaa kooni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Old Moshi, mkoani Kilimanjaro. Maneno yangu nayaelekeza kwa wachungaji, mapadri, wazee wenzangu wa kanisa na wakuu wa koo, ambao muda si mrefu watawapokea watoto wetu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi.

Wasomaji wa mikoa mingine wanatujua Wachaga kwa safari hiyo ya Desemba. Wasichokijua wengi ni kwamba siku hizo chache ndizo siku zetu za kesi. Ukoo mzima uko nyumbani, kwa hiyo ndipo yanapoibuliwa ya kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa), ya urithi, ya mke aliyekimbia, ya mkopo uliochukuliwa kwa hati ya baba bila baba kujua. Na kwa kuwa watu wana likizo fupi na mbuzi amekwisha kuchinjwa, kila kesi inatakiwa iishe kabla ya Mwaka Mpya. Mchungaji anaitwa, anasoma Mathayo 18, anatukumbusha saba mara sabini, watu wawili wanashikishwa mikono, makofi yanapigwa, pambio linaimbwa, tunakula. Januari wa mjini wanaondoka. Sisi tunaobaki huku juu tunabaki na ugomvi uleule, isipokuwa sasa aliyeumizwa hana ruhusa hata ya kuutaja, kwa sababu eti yalikwisha.

Nasema haya kwa sababu yamenipata mimi mwenyewe.

Mume wangu alifariki wakati wa masika. Kihamba chetu kinapakana na cha kaka yake mkubwa, na kama ilivyo kawaida ya huku, mpaka ni mstari wa masale, mimea ya majani marefu ambayo mmoja wake huitwa isale. Baada ya matanga nilikwenda Moshi mjini kwa binti yangu kufuatilia mirathi mahakamani. Niliporudi, nikashuka na ndoo kuelekea mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, nikasimama njiani. Masale ya mpaka wetu aliyapanda baba mkwe. Shina lake lilikuwa limekomaa, lina makovu ya majani yaliyoanguka miaka yote hiyo. Niliyoyakuta siku ile yalikuwa machanga, majani yamelegea, udongo wa chini bado haujashikana, na yalikuwa yamesogea hatua kadhaa upande wangu. Mstari mzima wa mibuni aliyoipanda marehemu kwa mkono wake, pamoja na migomba ya mshare inayoitia kivuli, ulikuwa sasa kwa shemeji. Palipokuwa na mpaka wa zamani palikuwa na mashimo yaliyofukiwa, juu yake yametandazwa majani makavu ya migomba.

Msomaji asiye wa huku ajue uzito wake. Kwetu isale ndilo mpaka, na isale hilohilo ndilo la kuombea msamaha. Mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani lake, akalifunga fundo, akalipeleka mwenyewe au akalituma kwa mzee anayeheshimika. Unayeletewa isale huwezi kumfungia mlango aliyelileta. Ni lazima umsikilize. Mababu zetu walikuwa na desturi hiyo kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika Machame mwaka 1893. Kwa hiyo mtu anayeng'oa isale la mpaka wa mjane anajua anachokigusa. Na kama ni Mkristo, anajua pia kilichoandikwa katika Kumbukumbu la Torati 27, kwamba amelaaniwa aondoaye mpaka wa jirani yake, na watu wote waseme, Amina.

Krismasi ya mwaka ule ukoo ulikaa uani kwa shemeji. Mchungaji wa wakati huo, mtu mwema ambaye namheshimu mpaka leo, alisoma neno, kisha akasema amesikia kuna kutoelewana kati ya nyumba mbili. Shemeji akasimama, akasema, "Mimi ni binadamu. Kama kuna mtu nimemkosea, anisamehe." Hakutaja masale. Hakutaja mibuni. Uso wa kila mtu ukanigeukia mimi.

Nikasimama nikajibu, "Shemeji, mbele ya Mungu nimekusamehe na ninakuombea. Kesho asubuhi twende mpakani tuyarudishe masale."

Watu wakanyamaza. Kisha wifi yangu mmoja akasema kwa sauti, "Huo si msamaha tena, hiyo ni kesi." Mchungaji akaniambia kwa upole kwamba aliyesamehe hakumbushii. Nilitoka pale nimekwisha kupewa jina la mama mwenye moyo mgumu, na jina hilo likanifuata mpaka kwenye sala za jumuiya.

Ndugu Mhariri, hilo la kwamba aliyesamehe hakumbushii nimelitafuta katika Biblia yangu, sijaliona. Nililoliona ni hili. Katika Mathayo 18 hiyohiyo tunayosomewa kila Krismasi, mara baada ya saba mara sabini, Bwana Yesu anatoa mfano wa mfalme na mtumwa mwenye deni. Tunakimbilia pale mfalme anaposamehe, tunaruka mwanzo wake. Mfalme yule alitaka kufanya hesabu na watumwa wake. Hesabu ndiyo ilitangulia. Deni lilitajwa kwa kiasi chake, talanta elfu kumi, mbele ya mdaiwa, na mdaiwa hakubisha. Alianguka akaomba avumiliwe, na hapo ndipo bwana wake akamhurumia na kumsamehe lote. Hata deni dogo la dinari mia, ambalo ni ujira wa kibarua wa siku mia moja, limetajwa kwa idadi yake. Huwezi kulifuta deni ambalo watu wanakukataza kulitaja. Ukilazimishwa kulinyamazia, hujasamehe, umenyamazishwa tu, na Mungu anayajua haya mawili kuwa ni mbalimbali.

Luka 17:3 ni fupi kiasi kwamba mtoto wa kipaimara anaweza kuikariri: "kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Kuonya kumo, kutubu kumo, kusamehe kumo. Sisi siku za sikukuu tunalibeba la mwisho peke yake na kumtwika yule aliyeumizwa.

Najua nitaulizwa: je, Yesu pale msalabani hakuwaombea waliomsulubisha, wakati hakuna hata mmoja aliyekuwa ametubu? Aliwaombea. Stefano naye akafanya hivyohivyo huku mawe yanamwangukia. Mimi sibishani na msalaba. Kumwachia Mungu kisasi, kumwombea aliyekukosea, kukataa kumtakia mabaya, hilo Mkristo analifanya hata kama mkosaji hajasema neno, na hata kama amekwisha kufa. Nililifanya. Kila jioni nilimtaja shemeji katika sala kwa jina lake, na kuna jioni mdomo uligoma, nikabaki nimepiga magoti nikimwambia Mungu tu kwamba leo sina maneno, Yeye amsaidie. Polepole ule uchungu uliokuwa ukinishika kila nikipita karibu na mibuni ile ukapungua. Huo ni msamaha, na ulikuwa kati yangu na Mungu. Lakini uhusiano una watu wawili. Ule haurudi kwa sala ya mmoja. Paulo alilijua hilo alipowaandikia Warumi, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Kwa upande wenu. Upande wa pili una mwenyewe.

Wapo watumishi wa Mungu waliotuonyesha tofauti hiyo kwa maisha yao. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alikuwa mmoja wao. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa na utawala wa Idi Amin, Kivengere naye alikuwa anatafutwa. Yeye na mkewe walitoroka, wakavuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Akiwa uhamishoni alitangaza wazi kwamba amemsamehe Amin, na ulimwengu ukashangaa. Wengi wanaosimulia habari hiyo huishia hapo. Mimi huongeza: alimsamehe, lakini hakurudi Kampala kujiweka mikononi mwake. Alirudi mwaka 1979, baada ya utawala ule kuanguka, akaendelea na kazi ya uaskofu. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kukaa kwake mbali kulionyesha hajasamehe. Sasa kwa nini tunamwambia hivyo mwanamke wa kijijini?

Hapa niseme waziwazi, maana nimekaa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la usharika wetu na nimeyaona. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa yenye mgogoro ipitie kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka, na makanisa yetu yana mabaraza hayo. Ni heshima kubwa tuliyopewa. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Nimeona mama analetwa mbele yetu jicho limevimba, mume ameinamisha kichwa, na mzee mwenzetu anauliza swali la kwanza kabisa: "Mama, upo tayari kumsamehe?" Swali la kwanza linakwenda kwa aliyepigwa! Hajaulizwa mume alifanya nini, mara ngapi, na atafanya nini ili isijirudie. Mama akisema yuko tayari, anarudishwa usiku uleule kwenye nyumba ileile. Ndugu zangu, huyo anahitaji mahali salama pa kulala na mtu wa kumsindikiza mpaka dawati la jinsia la polisi. Msamaha wake atautoa kwa wakati wake, mbele za Mungu wake, na kurudi au kutorudi chumbani ni jambo lingine kabisa. Hapa sitapunguza neno hata moja.

Nirudi kwenye yangu. Sikumpeleka shemeji mahakamani. Ningeweza kwenda kwenye baraza la ardhi la kijiji, lile la wajumbe saba ambalo sheria inataka watatu wake wawe wanawake, na simlaumu mjane anayekwenda huko. Kudai haki hakumfanyi mtu awe hajasamehe. Mimi nilichagua njia ya Mathayo 18:15. Nilimwendea shemeji peke yake, akanikaribisha chai, akazungumza habari za mvua. Nikarudi na wazee wawili wa ukoo, akasema masale yale ameyakuta hivyo. Ikabaki kanisa, na kanisa lilikuwa limekwisha kupiga makofi.

Akaja mchungaji mwingine, dada kijana, mtulivu. Alipoletewa orodha ya familia za kutembelea akaona jina langu na maelezo yake. Hakuniletea neno la kusoma. Aliniuliza, "Mama, nini kilichukuliwa, na je, kimerudi?" Miaka yote hiyo hakuna mtu wa kanisa aliyewahi kuniuliza hivyo. Siku ya pili alikuja amevaa mabuti, akamwita shemeji na wazee wawili wa mtaa, tukashuka wote mpaka kwenye masale. Akayashika shina, akamgeukia shemeji kwa heshima zote: "Baba, haya nani aliyapanda, na lini?"

Shemeji aliangalia chini muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi."

Hakuongeza kitu siku ile, wala mchungaji hakumsukuma. Wiki iliyofuata, alfajiri, alikuja kwangu na mzee wa ukoo. Mkononi ana isale limefungwa fundo. Akasema akiwa amesimama, "Shemeji, nilisogeza mpaka mdogo wangu alipokufa. Niliona wewe ni mwanamke na wanao wako mbali. Kahawa yako nimeivuna. Naomba unisamehe." Kila kitu kilikuwa na jina lake. Nikalipokea isale kwa mikono miwili, nikamwambia aingie ndani.

Asubuhi ileile aling'oa masale machanga mwenyewe, mzee kama yeye, kwa jembe lake, akakataa vijana wamsaidie. Akayapanda pale palipokuwa na mashimo ya zamani. Udongo wa pale bado ulikuwa laini kuliko wa kandokando, kwa hiyo hatukuhitaji kupima. Baadaye tulikaa mezani tukafanya hesabu ya kahawa ya misimu ile, mzee wa ukoo akiandika kwenye daftari la shule. Ilipojumlishwa, shemeji hakuwa na fedha hiyo. Alileta mtamba wa ng'ombe wa maziwa. Kilichobaki nilikifuta mimi, nikachukua kalamu nikachora mstari juu yake mbele ya wote. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinamtaka mkosaji arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Sikumdai sehemu ya tano. Kufuta lilikuwa langu kufuta, na niliweza kulifanya kwa furaha kwa sababu deni lilikuwa limeandikwa pale, sote tunaliona.

Watu wanaosema hivyo ni biashara, si upendo, wamtazame Zakayo. Yesu hakumtaka arudishe kitu. Aliingia tu nyumbani kwake. Mwenyewe akasimama akasema atarudisha mara nne, na hapo ndipo Bwana akatangaza kwamba leo wokovu umefika katika nyumba hii. Mtu aliyeguswa na neema hutafuta mwenyewe njia ya kurudisha. Mama yangu alikuwa mtu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho makanisani ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Bukoba na baadaye huku kwetu. Alitusimulia jinsi karani mmoja wa mizani ya kahawa alivyookoka, akaanza kupita nyumba kwa nyumba na senti mfukoni, akiwaambia wakulima, "Nilikupunja, hizi ni zako." Wengine walilia, wengine walimkaripia kwanza ndipo wakapokea. Mama alisema hakuna mahubiri yaliyowavuta watu wa mtaa ule kanisani kuliko zile senti. Wale ndugu wa Uamsho walikuwa na ukali wao ambao mimi siupendi, lakini katika hili walituzidi mbali. Leo mtu anaokoka na shamba la yatima bado analilima.

Sitaki mtu adhani kwamba mimi na shemeji sasa tumekuwa kama zamani. Tunasalimiana kwa moyo. Nilipougua alikuja na mkungu wa ndizi, akakaa hadi jioni. Mambo ya ukoo tunapanga pamoja. Lakini hati ya kihamba iko kwa binti yangu, na mpaka tumeuandikisha serikali ya kijiji. Yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi ya kwanza. Wapo wanaoona hiyo ni dalili kwamba sijaachilia. Mimi naona imani inajengwa upya kwa mambo kama hayo, na aliyeivunja ndiye anayetangulia kubeba mawe. Hata Petro, aliyemkana Bwana mara tatu, aliulizwa mara tatu kule ufukweni kama anampenda, akahuzunika, akajibu, ndipo akapewa kondoo wa kulisha.

Basi ombi langu kwa wachungaji na wazee wenzangu ni la kiutendaji. Msisubiri tarehe 25 kutupatanisha, wala 26 mbele ya nyama. Majilio yana Jumapili nne. Tangazeni Jumapili ya kwanza kabisa, tena kwa sauti, maneno ya Mathayo 5: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane naye kwanza. Angalieni hapo anayeambiwa aondoke kwenye ibada ni yule ambaye nduguye ana neno juu yake. Yeye ndiye wa kutembea. Kisha wazee wa kila mtaa tugawane nyumba zenye ugomvi tunaoujua, maana tunaujua, na twende tukiwa na mabuti na daftari. Wanaoishi Dar na Arusha wapigiwe simu mapema, wasije kushtukizwa uani. Na mahali ambapo mkosaji hayuko tayari kusema alichofanya, tumwombee aliyeumizwa, tumlinde, tusimsimamishe mbele ya watu atoe kile ambacho hakijaombwa.

Sisi usharikani kwetu tumekwisha kukubaliana mwaka huu kuanza hivyo, na nyumba tatu za kwanza zimeshapangiwa wazee wake. Wa sharika nyingine, na ndugu zetu wa parokia za Kibosho, Kilema na Rombo, nitafurahi kusoma katika safu hii mnavyofanya kwenu.

Mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa,
Old Moshi, Kilimanjaro